Taarifa Tatu za Atomiki

Karatasi ni kitu chepesi. Mtoto aweza kuichana, mchwa waweza kuila, na upepo wa dirishani waweza kuipeperusha. Hata hivyo, yako makaratasi yaliyoitikisa dunia kuliko majeshi. Nataka kumsimulia msomaji habari za taarifa tatu zilizoandikwa na wataalamu wa sayansi, kwa fedha za serikali, kati ya mwaka 1941 na mwaka 1945. Zote tatu zilihusu nguvu iliyofichika ndani ya atomu. Ya kwanza ilifungiwa kabatini. Ya pili iliwekwa kando. Ya tatu ilichapishwa ili watu wote waisome, lakini baada ya tendo kutendeka. Katika majaliwa ya taarifa hizo limo funzo linalompasa kila raia alipaye kodi.

Chanzo cha habari hii ni ugunduzi uliofanywa Berlin mwezi wa Desemba, 1938. Wataalamu wawili, Otto Hahn na Fritz Strassmann, waliona kwamba uraniamu ikipigwa na chembe ndogo ziitwazo nyutroni hutokea bariamu, ambayo ni nyepesi kuliko uraniamu kwa mbali. Hawakuweza kueleza sababu yake. Aliyeifumbua ni Lise Meitner, mtaalamu aliyekuwa ameikimbia Ujerumani kwa kuwa asili yake ilikuwa ya Kiyahudi, akisaidiana na Otto Frisch, mwana wa dada yake. Walieleza kuwa kiini cha atomu kimepasuka vipande viwili, na kupasuka huko kumetoa nguvu nyingi. Upesi ikajulikana tena kwamba kila kiini kinapopasuka hutoa nyutroni nyingine, nazo zaweza kupasua viini vingine, kama moto wa nyika urukavyo kutoka kichaka hata kichaka.

Habari hizo ziliwatia hofu wale waliomjua Hitler. Barua ya tarehe 2 Agosti, 1939, iliyotiwa sahihi na Albert Einstein, ilimwonya Rais Roosevelt wa Marekani kwamba bomu la namna mpya laweza kutengenezwa. Barua hiyo ilitaja pia kuwa chimbuko kubwa kuliko yote la uraniamu lilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Serikali ikaunda kamati, na fungu la kwanza lililotolewa kwa utafiti huo lilikuwa dola 6,000 tu. Kwa taifa kubwa kama lile, hicho kilikuwa kiasi cha kuonja, si cha kula.

Uingereza ndiyo iliyotangulia kulishika jambo hilo kwa mikono miwili. Mwezi wa Machi, 1940, Otto Frisch na mwenzake Rudolf Peierls walikuwa wakimbizi katika mji wa Birmingham. Kwa kuwa walihesabiwa kuwa watu wa nchi ya adui, hawakuruhusiwa kushiriki katika kazi ya siri ya rada. Basi walitumia nafasi yao kupiga hesabu za atomu. Hesabu hizo ziliwaonyesha kwamba uraniamu ya namna moja ya pekee, ikitengwa na nyingine, yatosha kufanya bomu hata ikiwa kidogo. Makadirio yao yalikuwa madogo kuliko ilivyokuja kuonekana baadaye, lakini njia ya kufikiri ilikuwa sahihi. Hawakuishia kwenye hesabu. Waliandika pia kwamba bomu hilo halitaweza kutumiwa bila ya kuua raia wengi, na kwa sababu hiyo huenda lisiwe silaha inayoifaa Uingereza. Onyo hilo liliandikwa kabla hata gramu moja ya uraniamu ya bomu haijapatikana.

Maandishi ya wakimbizi hao yaliifanya serikali ya Uingereza iunde kamati iliyojulikana kwa jina la MAUD. Mwezi wa Julai, 1941, kamati ilimaliza taarifa yake, na hiyo ndiyo ya kwanza katika tatu nilizozitaja. Ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilieleza jinsi uraniamu iwezavyo kufanywa bomu, na nyingine ilieleza jinsi iwezavyo kutoa nguvu za kuendeshea mitambo. Uzima na mauti viliwekwa katika bahasha moja.

Nakala zilipelekwa Marekani, kisha kukawa kimya. Mwezi wa Agosti Marcus Oliphant, mtaalamu mzaliwa wa Australia aliyekuwa akifanya kazi Birmingham, alisafiri kwenda Marekani na kuulizia sababu ya kimya hicho. Alistaajabu kuambiwa kwamba mwenyekiti wa kamati ya uraniamu alikuwa amezipokea karatasi zile, akazifungia katika kasha lake la chuma, wala hakuwaonyesha wajumbe wenzake. Mwenyekiti huyo hakuwa msaliti, bali alikuwa mtu mwangalifu aliyedhani kwamba kazi ya siri ni kufichwa tu. Oliphant alikwenda kwa mtaalamu mmoja baada ya mwingine akiwaeleza yaliyokuwamo, hata habari zikasikika. Mwezi wa Oktoba Rais Roosevelt aliridhia kazi iendelee kwa bidii.

Kutoka hapo fedha zilitoka kama maji ya mto uliovunja kingo. Mwaka 1942 kazi yote ilitiwa chini ya jeshi, na tarehe 2 Desemba mwaka huo, katika mji wa Chicago, Enrico Fermi na wenzake waliwasha kinu cha kwanza cha nyuklia. Miji mizima ilijengwa kwa siri. Hata vita vilipokwisha, kiasi cha dola bilioni 2 kilikuwa kimetumika. Wajumbe wengi wa bunge la Marekani walipitisha fedha hizo bila ya kujua zilinunua nini. Hata Harry Truman, aliyekuwa Makamu wa Rais, hakuelezwa siri hiyo mpaka Roosevelt alipofariki mwezi wa Aprili, 1945, naye akashika mahali pake.

Sasa yatupasa kugeuza macho yatazame Afrika, maana fedha peke yake haifanyi bomu. Uraniamu bora kuliko yote iliyojulikana wakati ule ilichimbwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa, na hata leo ni, lugha ya migodini na masokoni. Mkubwa wa kampuni ya migodi, Edgar Sengier, aliogopa mawe hayo yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1940 alipeleka kiasi cha tani 1,200 New York, zikalala ghalani. Mwezi wa Septemba, 1942, afisa mmoja wa jeshi la Marekani alimwendea kutaka kuzinunua, na biashara hiyo kubwa ilikubaliwa kwa kikao kifupi na maandishi ya karatasi ya kawaida. Mgodi uliokuwa umejaa maji ulifunguliwa tena. Mawe yalisafirishwa kwa reli na kwa mashua za mtoni mpaka bandari ya Matadi, kisha yakavuka bahari. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumiwa katika kazi ile ya Marekani ilitoka huko. Waafrika walioyachimba na kuyapakia mawe hayo hawakuambiwa yaendako wala yatakalofanya.

Taarifa ya pili iliandikwa Chicago na watu waliokuwa ndani ya kazi yenyewe. Ujerumani ilikuwa imekwisha kushindwa mwezi wa Mei, 1945, na ile hofu iliyoanzisha safari yote ilikuwa imeondoka. Japani ilibaki ikipigana. Kamati ya wataalamu saba chini ya James Franck, aliyewahi kupata tuzo ya Nobel, ilitoa taarifa tarehe 11 Juni. Walisema kwamba siri ya atomu haiwezi kufichwa miaka mingi, kwa kuwa sheria za maumbile ni zile zile katika kila nchi. Walisema kwamba bomu likitupwa juu ya watu bila ya onyo, mataifa yatapoteza imani na mashindano ya silaha yataanza. Wakashauri nguvu yake ionyeshwe kwanza mbele ya wajumbe wa mataifa, jangwani au katika kisiwa kisicho na watu.

Ushauri huo haukufuatwa. Siku chache baadaye jopo la wataalamu wanne wakubwa, wakiwamo Fermi na Robert Oppenheimer, lilijibu kwamba halikuona maonyesho ya namna yoyote yanayoelekea kuvimaliza vita. Haki yatutaka tukiri kwamba jibu hilo halikutolewa na watu wasiokuwa na moyo. Vita vilikuwa vikiua kila siku, na wana wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa walioonja ukali wake, kwani askari wetu walipigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka 1944. Aliyekuwa na mwana vitani alitaka vita viishe leo, si kesho. Lakini ni kweli vile vile kwamba shauri zito kama hilo liliamuliwa na watu wachache mno, na kwamba waliokuwa walipe gharama yake hawakuwa na habari.

Tarehe 6 Agosti, 1945, bomu la uraniamu lilianguka juu ya mji wa Hiroshima. Siku tatu baadaye bomu la namna nyingine, la plutoniamu, lilianguka juu ya Nagasaki. Hesabu kamili ya waliokufa haikupatikana kamwe, maana moto haukuacha wa kuhesabiwa. Hukadiriwa kwamba mpaka mwisho wa mwaka ule watu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na kiasi cha 70,000 Nagasaki. Walikuwamo wanafunzi wa umri wako, msomaji, waliotolewa shuleni asubuhi ile kubomoa nyumba ili moto wa mabomu ya kawaida usipate njia ya kuenea.

Taarifa ya tatu ilitolewa tarehe 12 Agosti, siku tatu tu baada ya Nagasaki. Iliandikwa na Henry Smyth, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Princeton, kwa agizo la jeshi. Ilieleza kazi yote tangu mwanzo, ila mambo ambayo bado yalihesabiwa kuwa siri. Smyth alieleza katika dibaji yake kwamba mzigo wa mwisho wa siasa ya nchi huwaangukia raia wake, nao hawawezi kuubeba kwa busara wasipopewa habari. Kitabu hicho kiliuzwa nakala zaidi ya laki moja. Maneno hayo ya dibaji ni ya hekima, na aliyeyaandika anastahili sifa. Walakini raia wale walipewa habari ya daraja baada ya mto kuvukwa. Na wachimbaji wa Shinkolobwe, ambao jasho lao limo katika habari ile tangu mwanzo, hawakutajwa hata mmoja kwa jina.

Nini kilifuata? Mashindano ya silaha yaliyotabiriwa na Franck na wenzake yalianza kweli, na mwezi wa Agosti, 1949, Warusi walilipua bomu lao la kwanza. Ile sehemu ya pili ya taarifa ya MAUD, iliyohusu nguvu za kuendeshea mitambo, nayo ilizaa matunda. Mwaka 1956 Uingereza ilifungua kituo cha Calder Hall kilichotoa umeme kwa nguvu ya atomu. Mwaka 1959 kinu kidogo cha utafiti kiliwashwa katika Chuo Kikuu cha Lovanium, katika mji ambao leo huitwa Kinshasa, nacho kilikuwa cha kwanza katika bara la Afrika. Serikali za dunia zilizoea tangu wakati ule kutoa fedha nyingi kwa utafiti wa sayansi, wa nguvu za mitambo, wa biashara na wa ulinzi, na taarifa zake zimejaza maghala.

Sisemi kwamba kila karatasi ya serikali itundikwe sokoni. Ziko siri ambazo zikitoka huua watu, na wakati wa vita hakuna taifa lisilofunga baadhi ya milango yake. Lakini siri ina tabia ya kuota mizizi. Huanza kwa kumficha adui, kisha humficha mjumbe wa kamati, kisha humficha mbunge, na mwisho humficha mwenye mali. Kasha la chuma lililofungia taarifa ya MAUD halikumzuia adui hata mmoja, bali liliwazuia wenzi.

Katika nchi yetu Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, imempa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeonyesha njia ya kuzidai. Haki hiyo ni kama jembe: likining'inizwa ukutani halilimi. Ukisikia kwamba wataalamu wametumwa kupima bwawa, mgodi, bandari au kituo cha nguvu za umeme kwa fedha ya umma, uliza taarifa yao iko wapi. Uliza wakati mto haujavukwa, na shauri bado laweza kugeuzwa. Kisha uisome yote, hasa ukurasa ule wenye onyo. Frisch na Peierls waliandika onyo lao katika mwaka 1940, kwa maneno machache na yasiyo na fumbo. Halikukosa ukweli, bali lilikosa wasomaji.