Porojo Zilizoiokolea Xerox Mamilioni

Miaka ya 1980, mtafiti mmoja wa kampuni ya Xerox nchini Marekani alikuwa akilipwa kwa kazi ambayo wengi wangeiona ya kivivu: kufuatana na mafundi wa mashine za fotokopi, kupanda nao magari, kula nao na kusikiliza wanachozungumza. Mtafiti huyo, Julian Orr, hakuwa mgeni wa bisibisi. Aliwahi kuwa fundi kabla ya kusomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Cornell, na sasa alikuwa ameajiriwa PARC, kituo cha utafiti ambacho Xerox ilikianzisha mwaka 1970 huko Palo Alto, California. Ni kituo kilekile kilichozaa printa ya leza na Ethernet. Wenzake walikuwa maabara wakiunda kompyuta za kesho, yeye yuko mkahawani na mafundi.

Mkahawani ndiko kulikokuwa na mambo. Kwa hesabu za makao makuu, fundi ni mtu wa kazi ya peke yake. Anaitwa na mteja, anafika, anasoma namba ya hitilafu inayooneshwa na mashine, anafungua kitabu cha maelekezo na kufuata hatua moja baada ya nyingine mpaka mashine ipone. Muda wa kukaa na wenzake kunywa kahawa, kwa hesabu hizo, ulikuwa muda uliopotea. Orr aliona vingine. Mafundi walikutana asubuhi kabla ya kutawanyika, wakakutana tena mchana, na huku wakila na kucheza karata walizungumza kazi mfululizo: mashine gani inasumbua, nani aliwahi kukumbana na hali kama hiyo, alifanyaje, na nini hakikusaidia.

Walikuwa na sababu. Kitabu kiliandikwa na wahandisi waliojaribu kubashiri kila kinachoweza kuharibika, lakini mashine ikishafika ofisini kwa mteja inaanza maisha yake yenyewe. Ina umri wake, vumbi lake, unyevu wa chumba chake, na watumiaji wake wanaobonyeza wasichoelewa. Mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani pamoja, baada ya miaka mitatu zina tabia tofauti.

Kisa kimoja alichokiandika Orr kilikuja kusimuliwa mara nyingi baadaye. Mashine mpya ilifungwa kwa mteja, na tangu mwanzo haikuwahi kufanya kazi vizuri. Kila ilipokwama ilitoa msururu wa namba za hitilafu, na kila namba ilielekeza kwenye kipuri chake. Fundi alifuata kitabu, akabadilisha vilivyotajwa, mashine ikakwama tena. Akamwita bingwa wa eneo lake. Bingwa naye hakuelewa. Basi alasiri nzima wawili hao waliiendesha mashine, wakaisubiri ikwame, wakaandika ilivyokuwa wakati huo, wakaiwasha upya. Muda wote huo walikuwa wakisimuliana. Kisa cha mashine moja kilivuta kisa cha nyingine, wakavipima kimoja kimoja dhidi ya ile iliyokuwa mbele yao, hadi yakapatikana maelezo yaliyobeba dalili zote. Tatizo lilijulikana, likarekebishwa, na mafundi hao wakawa na kisa kipya cha kwenda kusimulia mezani.

Katika kitabu chake cha mwaka 1996, Talking about Machines, Orr anaonesha kwamba porojo zile zilifanya kazi tatu kwa mpigo. Zilitumika kutafuta chanzo cha hitilafu, zilifundisha wageni, na zilimjengea msimuliaji heshima mbele ya wenzake. Hiyo kazi ya tatu ndiyo ambayo wakubwa wengi wa kampuni huipita bila kuitazama, na ndiyo inayoeleza karibu kila kilichofuata.

Hatua ya kwanza ya Xerox ilikuwa ya kawaida kabisa. Badala ya kuwakataza mafundi kuzungumza, iliwagawia wa eneo la Denver simu za upepo, ili kila mmoja asikie wenzake wanavyohangaika hata akiwa kwa mteja wake. Anayejua jibu anaingilia. Asiyejua anasikiliza na kujifunza. Fundi mgeni aliweza kukaa pembeni ya mazungumzo kwa wiki kadhaa kabla ya kufungua mdomo. Kasoro ilikuwa moja: maneno yakishasemwa hewani yamekwenda, na aliyezima simu yake wakati huo hakuyapata.

Wakati huo huo, mahali pengine Marekani, historia nyingine ilikuwa inakaribia ofisini. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, kijana wa miaka 17 aitwaye David Woolley aliandika programu ya kuachiana ujumbe ndani ya PLATO, mfumo wa kompyuta uliojengwa kwa ajili ya kufundishia. Iliitwa Notes. Mwanafunzi mwingine aliyepitia mfumo huo, Ray Ozzie, hakuisahau. Aliondoka chuoni akiwa na wazo la kuifikisha kazini. Desemba 1989 kampuni ya Lotus ilianza kuuza zao la wazo hilo, Lotus Notes, programu iliyowapa wafanyakazi wa kampuni moja mahali pa kuandika, kujibizana na kuhifadhi majibu. IBM iliinunua Lotus mwaka 1995 kwa dola bilioni 3.5, na Notes ilikuwa kiini cha sababu.

Ila kununua programu ni jambo moja na watu kuitumia ni jingine. Wanda Orlikowski wa MIT alikwenda kutazama kampuni kubwa ya ushauri elekezi iliyowafungia maelfu ya wafanyakazi wake Notes kwa matumaini kwamba watagawana ujuzi. Utafiti wake, uliotoka mwaka 1992, una kichekesho chake kichungu. Washauri vijana hawakugawana kitu. Kampuni ile ilikuwa na mtindo wa kupanda cheo au kuondoka: kila baada ya miaka michache waliobaki nyuma huoneshwa mlango. Aliyejua jambo ambalo jirani yake halijui alikuwa na silaha, kwa nini aiweke mezani? Isitoshe, kila saa ya kazi ilitakiwa kuandikwa kwenye bili ya mteja fulani, na saa ya kujifunza Notes haikuwa na mteja wa kuilipia. Baadhi yao walidhani Notes ni programu nyingine ya kuandikia barua. Kwa wakurugenzi waliokwisha kufika juu, ambao hawakuwa na wa kushindana naye, hali ilikuwa nafuu zaidi.

Ukiweka utafiti huo kando ya yaliyotokea Ufaransa miaka ileile, tofauti inajitokeza yenyewe.

Mtafiti wa PARC, Olivier Raiman, alikuwa na programu ya akili unde iliyoweza kuchunguza hitilafu za fotokopi kwa kufuata jinsi mashine ilivyoundwa. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Mafundi walipooneshwa, waliisifu kisha wakasema haitawasaidia. Hitilafu ambazo programu iliweza kuzigundua ni zile ambazo tayari zimo kitabuni. Zilizowakosesha usingizi ni zile zisizokuwemo, na kwa hizo wao walikuwa na akiba yao: madaftari ya mfukoni na karatasi zilizokunjwa, ambazo kila fundi alizibeba kama mganga na mkoba wake.

Hapo mradi uligeuka. Kazi ya akili unde iliwekwa kando, na swali likawa namna ya kuyatoa madaftari yale mifukoni. Mfumo uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliitwa Eureka, na kwa macho ya leo ulikuwa wa kuchekesha kwa usahili. Mafundi hawakuwa na kompyuta mpakato, lakini Ufaransa ilikuwa na Minitel, kile kisanduku chenye skrini ndogo na kibodi ambacho shirika la posta na simu lilianza kukisambaza nchi nzima mwaka 1982, kikipita kwenye waya wa simu ya kawaida. Fundi aliandika dokezo lake kwa Minitel katika sehemu tatu: dalili, chanzo, tiba. Dokezo lilikwenda kwa bingwa wa aina hiyo ya mashine, ambaye alilipima, akamrudia mwandishi ikiwa kuna utata, na likipita liliwekwa wazi kwa mafundi wote wa nchi. Juu yake paliandikwa jina la aliyelitoa.

Jina hilo halikuwekwa kwa bahati. Wabunifu walipouliza kama kila dokezo lilipiwe, mafundi wenyewe walikataa. Fedha, walisema, zingewafanya watu wakimbilie wingi na kuacha ubora. Walichotaka ni jina, na uhakika kwamba aliyehakiki ni mtu anayejua mashine kwa mikono yake, asiwe meneja wa ofisini. Kwa maneno mengine, waliomba kilekile walichokuwa nacho mezani pale mkahawani. Tofauti na washauri wa Orlikowski, fundi wa Xerox hakupoteza kitu kwa kutoa siri yake. Mashine ya mwenzake ikipona, yeye hadhi yake inapanda. Kuna fundi aliyeingia darasani kwa mafunzo akashangaa kuona wenzake wanasimama na kumpigia makofi, kwa sababu tu walikuwa wamesoma madokezo yake.

Marekani hawakuamini kirahisi. Wasimamizi wa huduma walikuwa wamezoea kwamba ujuzi hushuka kutoka kwa wahandisi hadi kwa mafundi, na dhana kwamba unaweza kupanda ilikuwa ngumu kumeza. Ushahidi wa Ufaransa ndio uliowalainisha: mafundi wa huko, waliokuwa wa wastani tu barani Ulaya, walianza kutajwa kuwa mfano. Eureka ikavuka kwenda Canada, kisha Marekani yenyewe, safari hii kwenye kompyuta mpakato. Kisa kinachopendwa zaidi ni cha Brazil, ambako mashine ya rangi ya bei kubwa ilimshinda fundi na mteja akawa amechoka. Ilikuwa ibadilishwe nzima, gharama ipatayo dola 40,000. Fundi akapekua Eureka na kukuta dokezo la mwenzake wa Montreal ambaye hawakuwahi kuonana. Tatizo lilikuwa kipuri kisichofika hata dola moja.

Kufikia mwaka 2000, John Seely Brown, aliyekuwa mkuu wa PARC, na mwenzake Paul Duguid waliandika kwamba Xerox ilikadiria kuokoa dola milioni 100 kutokana na mfumo huo. Mafundi waliolengwa duniani walikuwa kama 25,000.

Nje ya Xerox mambo yalikwenda mbio, na si yote yanayostahili kusimuliwa. Machi 1995 Ward Cunningham aliwafungulia waandishi wa programu wiki ya kwanza, ukurasa ambao kila msomaji anaweza kuusahihisha, na katika mwongo uliofuata kampuni nyingi zikajitengenezea ya kwao. Mwaka 2008 ilikuja Stack Overflow, ambako waandishi wa programu hujibiana maswali ya kazi na kupigiana kura. Alama zake si pesa, na bado watu walizigombania. Mwaka huohuo ilianza Yammer, iliyoiga mitandao ya kijamii kwa matumizi ya ofisini, na Microsoft ikainunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 1.2. Slack ilianza kama chombo cha ndani cha kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch. Mchezo ulifungwa mwishoni mwa 2012, chombo kikabaki, na mwaka 2021 Salesforce ilikichukua kwa dola bilioni 27.7. Kampuni nyingi zilizonunua vyombo hivi zilirudia makosa aliyoyaona Orlikowski neno kwa neno, zikashangaa kwa nini kurasa ni tupu.

Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine. Hapa chombo hakikushuka kutoka idara ya kompyuta. Kilikuwa tayari mfukoni mwa mfanyakazi. WhatsApp ilianza mwaka 2009, ikaruhusu makundi mwaka 2011, na muda si mrefu ilikuwa vigumu kupata ofisi, shule au zahanati isiyo na grupu lake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia makundi kama hayo kati ya wahudumu wa afya ya jamii na wasimamizi wao huko Kibera, Nairobi, na Makueni. Kwa miezi sita walitumiana ujumbe zaidi ya 1,800. Walituma picha za kazi waliyofanya, wakauliza, wakaelekezana, na, jambo ambalo Orr angelitambua mara moja, wakapongezana hadharani. Mhudumu anayezunguka peke yake nyumba hadi nyumba alipata mashahidi wa kazi yake.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, mradi wa Teachers for Teachers wa Chuo cha Walimu cha Columbia, New York, uliwaunganisha walimu kwa WhatsApp na washauri walioko nchi mbalimbali. Wengi wa walimu wale ni wakimbizi walioingia darasani bila mafunzo marefu ya ualimu, na madarasa yao yana wanafunzi kupita kiasi. Baada ya semina chache za ana kwa ana, simu ndiyo iliyoendeleza mazungumzo: mwalimu anaeleza kilichomshinda leo, mwenzake wa kambi hiyohiyo au mshauri wa mbali anajibu.

Kinachokosekana katika grupu ni yule bingwa wa Eureka. Hakuna anayehakiki, kwa hiyo dawa sahihi na uvumi hukaa bega kwa bega, na picha ya mgonjwa huweza kufika kusikotakiwa kwa kidole kimoja. Hakuna pia kabati la kuhifadhia. Jibu zuri la Jumatatu linafunikwa na salamu, matangazo ya harusi na michango ya msiba kabla ya Ijumaa, na mhudumu aliyejiunga mwezi uliofuata hana njia ya kulipata. Mwaka 2022 WhatsApp ilipandisha idadi ya watu katika kundi moja hadi 1,024. Kwa mafundi wa Denver, waliojuana sauti kwenye simu za upepo, hilo lisingeitwa kundi.