Mwami wa Warundi, bwami ya Wabembe: neno moja, historia mbili Lusenda

Mrundi akitaja mwami, anamaanisha mfalme. Mubembe akisikia neno hilo hilo hafikirii ikulu wala kiti cha enzi. Anafikiria mtu mzima aliyeingizwa katika bwami, akapanda ngazi zake moja baada ya nyingine, na kila ngazi akailipia kwa mali na kwa mwenendo wake. Tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015, katika wilaya ya Fizi kando ya ziwa Tanganyika, watu hao wawili wanauziana ndagala na mihogo, watoto wao wanacheza pamoja, na neno hilo bado linawachanganya.

Tuanze na Warundi. Kwao ufalme ulikaa ndani ya ngoma. Katika Kirundi, ingoma ni chombo kinachopigwa, na pia ni utawala wenyewe. Ngoma takatifu iliitwa Karyenda, na haikuonyeshwa ovyo. Mwanamke aliyewekwa kuitunza aliitwa Mukakaryenda, yaani mke wa Karyenda. Ngoma zilichongwa katika mti unaoitwa umuvugangoma, mti unaozungumzisha ngoma, na koo maalumu ndizo zilizokuwa na haki ya kuzipiga. Pale Gishora, karibu na Gitega, mahali pa ngoma panapohusishwa na mwami Mwezi Gisabo bado papo mpaka leo.

Sikukuu kubwa kuliko zote ilikuwa umuganuro, wakati wa kupanda mtama. Mwami alibariki mbegu, ngoma zikalia, nchi yote ikajua kwamba msimu umefunguliwa. Wabeleji na wamisionari hawakuipenda. Waliona ni upagani, na zaidi ya hayo waliona kwamba siku hiyo watu walimtazama mwami na wataalamu wake wa mila, si msimamizi wa kizungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 sherehe hiyo ilizimwa. Mwami alibaki, lakini bila siku yake. Novemba 1966 jeshi likauondoa ufalme wenyewe.

Upande wa Fizi hapakuwa na mfalme wa kuondolewa. Wabembe, kama ndugu zao Walega, hawakuwa na mtu mmoja anayetawala wote. Heshima ilitafutwa katika bwami. Mtu alifundishwa kwa methali, kwa dansi na kwa vitu vidogo vya mfupa, mti au pembe ya ndovu, kila kimoja na somo lake: usiwe mchoyo, usiwe mgomvi, msikilize mkubwa. Jamaa zake walimchangia mali ya kupanda, kwa hiyo mtu aliyegombana na jamaa hakufika mbali. Na mwanamume hakupanda peke yake. Mke wake aliingizwa pamoja naye, na katika ngazi za juu za Walega mume hakuweza kufika bila mke aliyefika. Anayesema kwamba mila zetu zote zilimweka mwanamke nje, aulize vizuri kwanza.

Wabeleji walitaka chifu mmoja anayeweza kuitwa ofisini, kupewa kofia na kuamriwa kukusanya kodi. Bwami haikuwa na mtu kama huyo. Wazee walikutana, wakasema kwa mafumbo, wakala mbuzi wengi, na msimamizi hakuelewa chochote. Akaandika kwamba ni chama cha siri na cha hasara. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku rasmi. Vitu vingine vilifichwa, vingine viliuzwa. Vile vya Walega vinaonekana leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubeleji, nyuma ya kioo, ambako hakuna anayeulizwa yuko ngazi gani.

Kwa hiyo serikali moja ya kikoloni ilimwachia Mrundi mfalme na kumnyang'anya sherehe, kisha ikamnyang'anya Mubembe chama na kumletea machifu. Majirani hawa wa Lusenda walipigwa na fimbo moja, kila mmoja mahali pake.

Na wenyeji nao wanajua maana ya hema. Vita vya 1996 vilipofika Fizi, Wabembe wengi walivuka ziwa kwenda Kigoma, wakapelekwa Nyarugusu. Wengine walikaa huko miaka mingi, na kuna waliozaliwa huko na kukulia huko. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya Bujumbura na mikoani, Nyarugusu iliwapokea pia, huku wenzao wakivuka Ruzizi kuja upande huu. Mubembe aliyerudi Fizi anajua kupanga foleni ya mgao, na anajua uchungu wa kuzika mzee mbali na kaburi la baba yake.

Katika kambi yoyote, mila ya kwanza kuyumba ni ile inayohitaji ardhi. Umuganuro hauwezi kufanyika bila shamba, na bwami haisimami wakati jamaa wa kuchanga wametawanyika kati ya Baraka, Uvira na Tanzania. Ngoma inasafiri kwa urahisi zaidi. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 2017, rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri inayokataza wanawake kuzipiga na kuvitaka vikundi vijiandikishe serikalini. Sababu iliyotolewa ni kulinda mila. Mukakaryenda hakutajwa sana katika mjadala huo.

Amri hiyo haivuki Ruzizi. Upande huu, swali la nani ashike mirisho liko mikononi mwa wazee na wazazi wenyewe, na si wote wanaokubaliana. Kuna wanaosema msichana akipiga ngoma ni aibu. Kuna wanaouliza ngoma itarithiwa na nani, ikiwa wavulana wamekwenda kutafuta kazi kwenye mitumbwi ya wavuvi.

Mtoto aliyezaliwa Lusenda mwaka kambi ilipofunguliwa sasa amefikia umri wa kutumwa sokoni peke yake. Nyumbani anasema Kirundi, njiani Kiswahili, na Kibembe anakidaka kwa wenzake. Ukimuuliza mwami ni nani, jibu litategemea ametoka kucheza kwa nani.