Picha ya Vita, Picha ya Amani: Iringa Jana na Leo



Siku hizi vijana wetu hupenda kutumiana picha mbili zilizowekwa pamoja. Juu huwa picha kuukuu, isiyo na rangi, ya enzi za Wajerumani. Chini huwa picha mpya iliyopigwa kwa simu mahali pale pale. Palipokuwa na askari waliojipanga na bunduki, leo pana wanafunzi wakitoka shuleni, bodaboda na akina mama wakiuza nyanya. Maneno yanayoandikwa chini yake ni machache: “Jana na leo. Tushukuru kwa amani.”

Tushukuru kweli. Lakini juma hili tungependa tuzitazame picha hizi kwa utulivu zaidi, tujiulize ni mambo gani zinatuonyesha na ni mambo gani zinatuficha.

Tuanze na jina la mji wetu. Iringa linatokana na neno la Kihehe “lilinga”, maana yake ngome. Kila tunapoutaja mji wetu tunataja kitu cha vita, ingawa ulimi umekwisha kusahau. Ngome yenyewe ilikuwa Kalenga, kilometa zipatazo 15 kutoka mjini, makao ya Mtwa Mkwawa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, mashujaa wake walikivamia kikosi cha Emil von Zelewski na kukishinda. Zelewski aliuawa pamoja na Wazungu wenzake na askari zaidi ya 200. Katika mapigano yale hapakuwa na mpiga picha. Ushindi mkubwa kuliko yote katika historia ya Wahehe haukuacha picha hata moja.

Picha zilikuja pamoja na washindi. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliiteka Kalenga baada ya kuipiga kwa mizinga. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kituo cha kijeshi mahali ulipo mji wa leo, na mkewe, Magdalene, aliishi naye hapa na kuandika kitabu kilichochapwa Ujerumani mwaka 1903. Tangu hapo Iringa ilianza kutazamwa na watu wa mbali, ila kwa jicho la aliyeishinda. Kamera ya siku zile ilikuwa mzigo mzito, yenye miguu mitatu na vioo vya kuhifadhia picha, nayo ilihitaji watu wasimame bila kutikisika. Ndiyo maana katika picha za enzi zile tunaona magwaride, majengo na watu waliopangwa mstari. Hatuoni kijiji kinachoungua, wala njaa iliyofuata baada ya ghala kuchomwa.

Mkwawa alipigana akiwa msituni kwa miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijiua kwa risasi asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu lake likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliagiza fuvu hilo lirudishwe katika muda wa miezi sita. Muda huo ukageuka miaka 35.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu, picha ziliongezeka sana. Mpiga picha Mjerumani Walther Dobbertin aliwafuata askari wa Ujerumani hadi alipotekwa mwaka 1916, na mamia ya picha zake yamehifadhiwa katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Mwaka ule ule majeshi ya Jenerali Northey yaliingia Nyanda za Juu Kusini kutoka Nyasaland, leo Malawi. Waliitwaa Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, mwezi Mei. Wakapigana Malangali mwezi Julai. Na Iringa ikaangukia mikononi mwa Waingereza mwishoni mwa Agosti. Anayetafuta picha ya mji wa Mbeya katika vita ile hataipata, kwa kuwa mji huo ulizaliwa katika miaka ya 1920, wakati wa dhahabu ya Lupa. Lakini njia za Usafwa, Unyakyusa na Ubena zilikanyagwa na majeshi ya pande zote mbili.

Nani aliyabebea majeshi hayo chakula na risasi? Wapagazi. Pande zote mbili zilichukua watu vijijini, wengi kwa nguvu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, kuhara na homa. Katika picha wanaonekana kwa mbali, mstari mrefu wenye mizigo kichwani, nyuma ya afisa ambaye jina lake limeandikwa. Hata kamera iliyompiga picha afisa huyo ilifika pale juu ya kichwa cha mpagazi. Hapa Iringa tunayo makaburi ya askari wa vita kuu zote mbili, yenye mawe yaliyopangwa vizuri na majani yaliyokatwa. Wapagazi wengi hawana jiwe. Walizikwa kando ya njia, au hawakuzikwa.

Tusiwanyoshee vidole wanajeshi peke yao. Katika picha nyingi za zamani za misheni, padre ametajwa kwa jina lake na shirika lake, na katekista aliyesimama kando yake, aliyetembea siku nzima kwa miguu kuifikisha Injili, ameandikwa tu kuwa “mwenyeji”. Wamisionari Wabenediktini Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita, na kabla Wakonsolata hawajafika mwaka 1919, ni nani waliowakusanya waamini kusali? Ni hao wenyeji wasio na majina.

Lakini ipo pia picha ya namna nyingine. Tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining, aliyelitafuta fuvu katika jumba la makumbusho la Bremen, alilikabidhi pale Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu. Hapo mtawala hakuja kuchukua, alikuja kurudisha. Tukiulizwa ni picha gani ya kuiweka chini ya ile ya mwaka 1896, sisi tungechagua hiyo kuliko picha ya barabara ya lami. Amani huanza pale kilichochukuliwa kinaporudishwa, na aliyekosa anaposema kwamba amekosa.

Kazi hiyo haijakwisha. Tarehe 1 Novemba 2023, siku ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea na kuomba msamaha kwa yale yaliyotendwa katika vita vya Majimaji. Mafuvu ya wazee wetu wengine yangali huko Ulaya, na wajukuu wao wangali wanauliza.

Wala tusiseme kwamba majonzi ni ya picha zisizo na rangi tu. Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu na siku zilizofuata, nchi yetu iliyozoea kuitwa kisiwa cha amani ilishuhudia ghasia na vifo katika miji kadhaa, na intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Safari hii kamera zilikuwa mikononi mwa wananchi wenyewe. Walioziona picha zile wanajua kwamba amani si urithi unaokaa salama ndani ya fremu ukutani. Ni kama moto wa jikoni: asiyeuchochea asubuhi ataukuta majivu jioni.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza jambo dogo. Katika nyumba nyingi za Iringa na Mbeya kuna sanduku au bahasha yenye picha za zamani: babu akiwa na sare, bibi siku ya ndoa, kwaya ya kigango, watu wa shamba la chai. Wazee wanaowafahamu walio katika picha hizo wanatutoka mmoja mmoja. Vijana, kabla hamjapiga picha ya “leo”, kaeni na mzee, mmwonyeshe ile ya “jana”, mmwulize: huyu ni nani? Na huyu aliyesimama nyuma? Kisha andikeni majina nyuma ya picha kwa penseli, na mwaka, na mahali. Mkikuta jina la marehemu asiye na kaburi linalojulikana, lileteni parokiani, tulitaje katika Misa ya marehemu mwezi Novemba.

Jina la shule ya Lugalo, jina la Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa, hata jina Iringa lenyewe, yote yalitoka vitani na sasa yanatamkwa na watoto wanaokwenda kusoma. Tuwasaidie wajue yalikotoka. Anayejua bei iliyolipwa na babu zake hataiuza amani kwa bei ya chini.

Mungu awape pumziko la milele marehemu wetu wote, wenye majina na wasio na majina. Tuwatakie juma jema.