Pointi 6 za Takataka: Historia Fupi ya MYSA

Mwaka 1987 Bonde la Mathare, Nairobi, halikuwa na gari la taka, wala mtu wa kuulizwa kwa nini halina. Taka zilitupwa mitaroni, mitaro ikaziba, na mvua ikinyesha maji machafu yakaingia vyumbani. Watoto walicheza mpira wa juala uliofungwa kamba, popote palipobaki nafasi.

Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi Nairobi katika masuala ya mazingira, alisimama kuwatazama. Agosti mwaka huo, pamoja na vijana wa hapo, akaanzisha Mathare Youth Sports Association, ambayo Eastlands nzima, mashariki mwa Nairobi, inaiita MYSA. Makubaliano yalieleweka hata na mtoto wa miaka 10: mtapata mipira ya kweli, ligi na marefa, nanyi mtasafisha mitaa yenu.

Wengi hupenda kuisimulia historia hii kwa vikombe. Mimi naona ianzie kwenye msimamo wa ligi. Ushindi uwanjani ni pointi 3. Zoezi moja la usafi lililokamilika ni pointi 6. Kwa hesabu hiyo, timu yenye mshambuliaji hatari lakini wachezaji wanaokimbia koleo ingeweza kumaliza chini ya timu ya kawaida iliyofika mtaroni kila ilipohitajika. Siku ya usafi ungewaona vijana waliovaa gambuti zinazowapwaya, mmoja akivuta matope meusi kwa reki, mwingine akijaza mkokoteni, na mama muuza mboga akiwaonyesha pale walipoparuka. Ni mama yuleyule ambaye jana yake pengine aliificha pochi yake alipowaona wakipita.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, maisha ya vijana hawa yalipoanza kugeuka. Mpira ulikuwa chambo tu. Kijana aliyezoea kuambiwa kuwa yeye ndiye tatizo la mtaa alijikuta mtaa unamtegemea.

Jambo la pili lililoipa MYSA sura yake ni uongozi. Ligi ziligawanywa kwa kanda, kila kanda ikachagua viongozi wake, na wengi wao hawakuwa wametimiza miaka 18. Wao ndio waliopanga ratiba, wakateua marefa na kuamua rufaa za mechi. Wapo wazee walioguna kwamba huo ni mchezo wa watoto kuongozwa na watoto, lakini ligi haikusimama. Anayefundisha timu ya wadogo, anayechezesha mechi au anayeongoza usafi hujikusanyia pointi zake binafsi, na wenye pointi nyingi hulipiwa karo, pesa zikienda moja kwa moja shuleni. Refa naye alipewa kadi ya kijani, ya kumtunuku mchezaji mwenye nidhamu kuliko wote siku hiyo.

Wasichana waliingia ligini mwaka 1992, na haikuwa rahisi. Msichana wa Mathare ana maji ya kuchota, chakula cha kupika na mdogo wake mgongoni. Wazazi wengi hawakuelewa kwa nini aende uwanjani kuonyesha miguu. Ilibidi viongozi wapite nyumba kwa nyumba kuwasihi. Kuanzia 1994 ikaongezwa elimu ya UKIMWI, iliyotolewa na vijana kwa vijana wenzao, kwa lugha ya mtaa.

Kuna kazi nyingine isiyoshangiliwa na mtu. Watoto waliokamatwa kwenye misako, wengine kwa kosa la kukosa pa kulala tu, walifungiwa korokoroni katika hali mbaya. Vijana wa MYSA walikwenda na chakula, wakasaidia kusafisha walimolala watoto hao, kisha wakawatafutia njia ya kurudi kwao. Na mtoto ambaye kwao ni chumba kimoja cha watu sita, asiye na taa ya kusomea, alifungua mlango wa maktaba ya MYSA, akapata meza na kiti.

Sifa zilikuja, na nazipitia haraka. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliitunuku MYSA tuzo ya Global 500. Mathare United, timu ya MYSA iliyoundwa 1994, ilitwaa Moi Golden Cup mwaka 1998 na 2000, kisha ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Wachezaji wake walitakiwa kuendelea na kazi za kijamii hata baada ya kuwa mastaa. Francis Kimanzi, aliyekulia MYSA, alikuja kuifundisha Mathare United na hata timu ya taifa, Harambee Stars. Lakini wanaofika huko ni wachache mno. Wengi wa waliopitia MYSA hawajulikani nje ya mtaa wao: ni walimu, makocha, wafanyabiashara, wazazi.

Si kila aliyeingia aliokoka. Bunduki, chang'aa na mihadarati havijaondoka Mathare, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu na kusomba nyumba kando ya mto.

Mwaka 2027 MYSA inatimiza miaka 40. Wanasiasa watafika kupiga picha na kugawa jezi. Wakazi wa Nairobi, wakifika waulizeni habari za viwanja. Eastlands imepoteza viwanja vingi kwa wanyakuzi, na jezi haichezwi hewani. Kaunti ivipime vilivyobaki, ivitolee hati, na ipeleke gari la taka.