Soma Hiki, Halafu Unirudishie

Mradi wa makazi wa Dandora, mashariki mwa Nairobi, ulipoanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wengi wa waliobahatika hawakupewa nyumba. Walipewa ploti, maji, choo na bafu. Vyumba walijijengea wenyewe, kimoja leo, kingine pesa zikipatikana. Ploti zilikuwa takriban 6,000, na kila moja ikajaa wapangaji: vibarua, makarani, wachuuzi, na vijana waliomaliza shule wakaja Nairobi kutafuta kazi.

Vijana hao walikuja na kitu ambacho wapangaji wa miaka ya 1940 wa Eastlands, upande huo wa mashariki wa jiji, hawakuwa nacho kwa wingi: walijua kusoma. Shule ilikuwa imewapa herufi bila kuwapa maktaba. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1931, iliwafungia Waafrika mlango kwa miaka mingi ya ukoloni, na matawi yake ya Eastlands yako Kaloleni na Makadara, si Dandora. Kitabu cha hadithi kiliingia mtaani kwenye mfuko wa koti, na kilisambaa kwa sababu mtu mmoja alimwambia mwenzake: hiki lazima ukisome.

Kilichosifiwa namna hiyo hakikuwa kile walimu walichotaka kisifiwe. Charles Mangua alitoa *Son of Woman* mwaka 1971, na mhusika wake Dodge Kiunyu, msomi asiye na haya wala pesa, akawa kama jirani. Mwaka 1973 Meja Mwangi akatoa *Kill Me Quick*, kisa cha Meja na Maina, vijana wawili wenye vyeti vya shule wanaoishia kulala vichochoroni. Miaka mitatu baadaye ikaja *Going Down River Road*. Humo Ben na Ocholla wanabeba mawe na saruji kwenye jengo refu la jiji, ilhali wao wenyewe hawana pa kulala pa maana. Dandora ilikuwa ikijengwa wakati huohuo. Kwa mtu aliyeshinda mchana kwenye mjengo wa mwajiri na kurudi jioni kusimamisha ukuta wa chumba chake, riwaya hiyo ilikuwa habari za nyumbani.

Halafu kulikuwa na David Maillu. Huyu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, akachapa vitabu vyembamba vya bei nafuu: *My Dear Bottle* kuhusu mlevi na chupa yake, *After 4.30* kuhusu makarani wa kike na mabosi wao. Vilifichwa chini ya mto na kupitishwa kwa kunong'onezana. Serikali ya Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976, na ni vigumu kufikiria tangazo bora zaidi kwa kitabu.

Chuo Kikuu cha Nairobi hakikufurahi. Chris Wanjala alikuwa miongoni mwa wahakiki waliovikemea vitabu hivi kwamba ni vyepesi na vinapotosha. Hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa wanawake wa Mangua na Maillu mara nyingi ni miili tu. Lakini wahakiki hawakuona, au hawakutaka kuona, kwamba mtu aliyeacha kusoma siku ya mtihani wa mwisho alikuwa amefungua kitabu tena, kwa hiari yake, na kukimaliza.

Hakuna kitabu kilichozunguka kama *My Life in Crime*. John Kiriamiti alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa wizi wa mabavu, akaandika gerezani, na mwaka 1984, ambao pia ndio aliotoka, kitabu kikachapishwa katika mfululizo wa Spear. Kiingereza chake ni cha mtu anayesimulia barazani: sentensi fupi, hakuna kujionyesha. Mitaa ni ile ile ambayo msomaji hupita akienda kazini. Mtu aliyesoma hadi darasa la saba tu aliweza kukifuata bila kamusi, na aliyekimaliza alikuwa na la kusimulia wiki nzima. Kwa hiyo kitabu kilikuwa na wasomaji wa aina mbili, waliokishika na waliosimuliwa, na wa pili wengi wao hawakutulia mpaka nao wakapata nakala. Mwaka 1989 Kiriamiti akarudi kwenye kisa kile kile kwa sauti ya Milly, mpenzi wa jambazi. Mshtuko wa mwanamke anayegundua analala na nani ukampa msomaji jicho jingine la kuhukumia kile cha kwanza.

Gereza lilikuwa limezaa kitabu kingine kabla ya hapo. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi za chooni akiwa gerezani Kamiti. Kilipotoka mwaka 1980, nakala 5,000 za kwanza ziliisha ndani ya mwezi mmoja. Ngũgĩ alisimulia jinsi kilivyosomwa kwa sauti majumbani na baani, msomaji akinyamaza glasi ikikauka, mpaka wasikilizaji wamnunulie nyingine. Tafsiri ya Kiswahili, *Shetani Msalabani*, ilifuata mwaka 1982.

Nairobi ilikuwa pia na mtu ambaye kupendekeza vitabu ndiyo ilikuwa kazi yake. Marjorie Oludhe Macgoye alifika Kenya mwaka 1954 kuuza vitabu vya wamisionari, na baadaye akasimamia duka la S. J. Moore, ambako wasomaji na waandishi walikutana. *Coming to Birth*, riwaya yake ya mwaka 1986, inamfuata Paulina, msichana anayeshuka kwenye treni kutoka Nyanza na kupotea Eastlands. Baada ya Mwangi na Kiriamiti, huyu ndiye wa kusomwa: Nairobi ile ile, kwa macho ya mwanamke anayeiogopa kwanza, kisha akaimiliki.

Kwa Kiswahili, kutoka Tanzania zilivuka hadithi za upelelezi za Elvis Musiba na za Ben Mtobwa, mwenye mpelelezi wake Joram Kiango. Kisha mwaka 1996 Ken Walibora akatoa *Siku Njema*. Kilitahiniwa shuleni, na kwa kawaida hilo huua kitabu, lakini hiki hakikufa. Watu wazima waliokisoma wakiwa wanafunzi bado humtaja mhusika wake Kongowea Mswahili kama mtu waliyeishi naye. Walibora aligongwa na basi Landhies Road tarehe 10 Aprili 2020, karibu na Muthurwa, njia ambayo watu wa Eastlands huijua kwa miguu.

Leo, mbele kidogo ya hapo, kwenye vijia vya katikati ya jiji, vitabu hutandazwa chini na mnunuzi huinama kuchagua. Ukifunua jalada la riwaya iliyowahi kutahiniwa utakuta majina ya waliokuwa nayo, moja chini ya jingine, kila la juu limekatwa kwa kalamu: la mvulana, la dada yake, la rafiki wa kidato cha tatu. Chini yake kuna nafasi.