Maneno ya Chini ya Picha: Iman, Flaviana na Nguo za Bei Mbaya

Kama picha ya tangazo la nguo za kifahari inaweza kuitwa sanaa ni ubishi wa siku nyingi, na wapenzi wa vitabu na picha hawajawahi kukubaliana. Kambi ya kwanza inasema picha nzuri ni picha nzuri, haijalishi nani kalipa. Michelangelo naye alilipwa. Kambi ya pili inasema tangazo ni tangazo tu: mwanga, kivuli, mwili wa binti na mandhari ya nyika vyote vimeitwa pale ili mkoba wa mamilioni uuzike. Mimi nimekaa na kambi zote mbili, na naona zinabishana juu ya kitu kisicho na kosa. Ukitazama historia yetu ya Afrika Mashariki, mara nyingi picha yenyewe haikuwa na neno. Tatizo lilikuwa maneno yaliyoandikwa chini yake.

Kisa kinachojulikana zaidi kilianzia Nairobi mwaka 1975. Peter Beard, mpiga picha wa Marekani aliyekuwa ameishi Kenya kwa miaka na kujipatia jina kwa kitabu chake cha mwaka 1965, The End of the Game, alimwona mtaani binti mrefu wa Kisomali. Akamwomba ampige picha. Binti hakukurupuka. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akataka kwanza alipiwe ada. Huyo ndiye Iman. Baba yake alikuwa balozi, mama yake daktari wa magonjwa ya wanawake, na yeye mwenyewe alizungumza lugha tano.

Mwaka huohuo Iman alifika New York, waandishi wa habari wakajaa kumwona. Lakini hadithi waliyokuwa wamelishwa na Beard ilikuwa nyingine kabisa: eti alimwokota porini akichunga mifugo, na Kiingereza hakijui. Yaani mtoto wa balozi, msomi wa chuo kikuu, kageuzwa mchunga mbuzi kwa sababu mchunga mbuzi anauza gazeti. Iman amesimulia mara nyingi jinsi uongo ule ulivyomuudhi. Mwaka 1976 akatokea kwenye Vogue, na safari yake ikaendelea hadi akawa mmoja wa wanamitindo wakubwa duniani.

Sasa hapa ndipo kambi zetu mbili zinapogongana. Wanaomtetea Beard wanasema angalia kazi: picha alizozipaka wino na damu, akazibandika kwenye shajara, ni sanaa. Na kweli ni sanaa. Wanaompinga wanasema mzungu amekuja kuitengeneza Afrika anayoitaka. Na hilo nalo ni kweli. Lakini chukua picha ya Iman ya wakati ule, ufute maneno yote. Kinachobaki ni mwanamke anayekutazama bila woga. Picha haikusema anachunga mbuzi. Kalamu ndiyo iliyosema.

Mfaransa Roland Barthes aliliona jambo hili mapema. Kitabu chake cha mwaka 1967, Système de la mode, kilichambua magazeti ya mitindo ya Ufaransa ya mwaka 1958 na 1959, na alishughulika na maneno yaliyoambatana na picha kuliko picha zenyewe. Kwake, nguo iliyoshonwa, nguo iliyopigwa picha na nguo iliyoandikwa ni vitu vitatu tofauti. Ile iliyoandikwa ndiyo inayotuambia hii ni nguo ya jioni, hii ya mwanamke huru, hii ya safari.

Ukitaka kuhakikisha, nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja hapa Mwanza. Utakuta koti lenye lebo ya Paris limening'inia katikati ya fulana za mpira. Pengine lilipozaliwa lilipigiwa picha na mtu mwenye jina kubwa. Mlango Mmoja hakuna picha wala maelezo yake. Mnunuzi anavuta zipu, anakagua kwapa, anageuza upindo, halafu anaanza kupatana. Koti limerudi kuwa koti.

Sisi wenyewe hatujawahi kukubaliana kuhusu mavazi na picha zake. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio, na tangu Januari 1969 Operesheni Vijana ikapiga vita nguo fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Magazeti yalipokea barua kwa wingi, wengine wakishangilia, wengine wakiuliza utamaduni gani huo unaolindwa kwa kuwavizia mabinti barabarani. Wakati huohuo serikali ilikuwa inawashinikiza Wamasai waache mavazi yao wavae suruali, ili taifa lisionekane limebaki nyuma. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1971, Mirella Ricciardi alichapisha Vanishing Africa, kitabu cha picha zilizowatukuza watu haohao kwa mavazi yaleyale. Kwa mtawala maneno ya chini ya picha yalikuwa “aibu”. Kwa mnunuzi wa Ulaya yalikuwa “inatoweka”. Mmasai mwenyewe hakuulizwa aandike nini.

Deni hilo halijafutika. Mwaka 2011 Kim Jones alionyesha Paris nguo za kiume za Louis Vuitton zilizochukua miraba ya shuka ya Kimasai, na picha za Peter Beard zikiwa miongoni mwa vilivyomvutia. Zilikuwa nguo nzuri, tusidanganyane. Lakini swali la Wamasai wa Kenya na Tanzania wanaodai haki ya jina na alama zao ni la haki pia: kama sura yetu ina thamani kiasi hicho, mbona mgawo haufiki bomani?

Hapa kanda ya ziwa tuna mfano wetu, na ndio unaonifanya nisikubali kwamba sura katika tangazo ni lazima iwe mateka. Flaviana Matata alizaliwa Shinyanga. Mwaka 2007 alikuwa Miss Universe Tanzania wa kwanza, akaenda Mexico na kichwa kilichonyolewa, akaingia kumi bora. Nakumbuka saluni ya mtaani kwetu watu waligawanyika: huyu mbona kipara, wengine wakajibu kipara hicho ndicho kinachomwonyesha uso. Baadaye alifanya kazi New York na London, akapigwa picha na nguo ambazo wengi wetu tutaziona Mlango Mmoja tu, kama tutaziona.

Lakini Flaviana ana maneno yake ya chini ya picha. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaua watu zaidi ya 800. Mama yake alikuwemo. Wengi wa marehemu walizikwa Igoma, na hapa mjini bado utakutana na watu ambao hawapandi meli mpaka leo. Flaviana angeweza kuuza uso na kunyamaza. Badala yake alilibeba jina la meli ile kwenye mahojiano ya watu wa mitindo, akaja Mwanza kwenye kumbukumbu, akachangia maboya ya kujiokolea, na taasisi yenye jina lake ikasomesha mabinti. Septemba 2018 MV Nyerere ilipozama Ukara na kuua zaidi ya watu 200, tulielewa kwamba habari ile ya maboya haikuwa mapambo.

Linganisha basi. Iman aliandikiwa mbuzi asiokuwa nao. Flaviana aliandika mwenyewe, na alichoandika kilikuwa msiba wetu. Biashara ilikuwa ileile ya kamera, taa na nguo za bei mbaya.

Mji huu una sababu ya kulielewa jambo hili kuliko mingine. Agosti 1858 Speke alifika hapa, akayatazama maji ambayo watu walikwishayaita Nyanza, akayapa jina la malkia wake. Wajerumani nao wakaliita jiwe letu Bismarck. Leo maharusi na mabinti wa mitindo wanapiga picha mbele ya jiwe hilo kila wikiendi, na baadhi ya picha hizo zinashindana na za gazeti lolote. Wapiga picha tunao. Upungufu nauona kwa waandishi. Wabunifu wetu wakimaliza kupiga picha pale majini, maelezo wanayoweka ni ya kuazima: malkia wa Afrika, roho ya porini, uzuri wa asili. Ni maneno ya Beard, ila safari hii tumejiandikia wenyewe. Ninyi mnaosoma na kuandika Kiswahili, kazi hiyo ni yenu: kampuni ya mitindo ya jirani ikitafuta mtu wa kuiandikia maneno ya tangazo, msiidharau.