Hatari ya upepo wa nyuma ya ndege kubwa kwa ndege ndogo zinazotua Unguja

SAFARI ya ndege ndogo kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua takriban dakika 20. Kwa ufupi huo wa safari, abiria wengi hunung'unika pale ndege yao inapokaribia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, uwanja ukaonekana wazi dirishani, kisha rubani akageuza na kuzunguka tena juu ya bahari. Sababu mojawapo ya mzunguko huo ni kwamba mbele yao imetangulia ndege kubwa, nayo imeacha nyuma yake hewa iliyovurugika ambayo jicho haliioni.

Wakazi wa Mji Mkongwe wanalijua jambo la namna hiyo baharini. Boti ya kasi ikitoka bandari ya Malindi huacha mawimbi nyuma yake, na mvuvi aliye karibu na ngalawa yake huelekeza omo kuyakabili ili yasimpige ubavuni. Tofauti ni kuwa mvuvi huyaona yakija. Rubani hukutana na anga iliyo safi kabisa.

Chanzo cha hewa hiyo ni kitu kile kile kinachoiwezesha ndege kuruka. Bawa linapokata hewa, mgandamizo wa chini yake huwa mkubwa kuliko wa juu, na tofauti hiyo ndiyo inayoibeba ndege. Kwenye ncha za mbawa, hewa ya chini hukimbilia juu, ikajisokota na kuwa mizunguko miwili mfano wa chamchela, mmoja kila upande. Mizunguko hiyo huanza pale ndege inapoinua pua ili kuruka, na hukoma gurudumu la pua linapogusa ardhi wakati wa kutua. Kadiri ndege ilivyo nzito na mwendo wake ulivyo mdogo, ndivyo inavyokuwa na nguvu zaidi. Baada ya kuachwa, hushuka kwa kiasi cha meta 90 hadi 150 kila dakika. Ikifika karibu na ardhi, husambaa pembeni kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Uwanja wa Unguja una njia moja tu ya kurukia na kutua. Njia hiyo hutumiwa na Cessna Caravan, ambayo uzito wake wa kuruka ni takriban tani 4 na upana wa mbawa zake haufiki meta 16, na vilevile na Boeing 787, yenye mbawa za meta 60 na uzito unaoweza kupita tani 220. Caravan ikiingia katika mzunguko wa ndege kama hiyo, bawa moja huinuliwa na jingine hukandamizwa, ikaanza kubingirika hata kama rubani amegeuza usukani hadi mwisho. Ikiwa juu sana, ana nafasi ya kuirejesha sawa. Ikiwa meta 50 kutoka ardhini, nafasi hiyo hana.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limezigawa ndege kwa uzito: nyepesi ni zisizozidi tani 7, nzito ni zinazoanzia tani 136, na za kati ni zilizo baina ya hizo. Ndege nyepesi inayotua nyuma ya ile ya kati au nzito hutengewa dakika 3. Pale rada inapotumika, umbali kati ya nyepesi na nzito iliyotangulia ni maili 6 za baharini, yaani kilomita 11 hivi. Ikumbukwe kuwa hata ATR 72, ambayo abiria wa Unguja huihesabu kuwa ndege ndogo, imo katika kundi la kati.

Hata hivyo, kanuni hizo zina mlango ambao abiria wengi hawaujui. Rubani anayeruka kwa kutegemea macho yake badala ya vyombo, kama inavyoruhusiwa hali ya hewa ikiwa nzuri, si lazima atengewe dakika hizo na mwongoza ndege anapotua nyuma ya ndege kubwa zaidi. Mnara humtahadharisha tu kuhusu upepo wa ndege iliyotangulia, na kupima nafasi huwa juu yake mwenyewe.

Gharama ya kukosea kipimo hicho ilionekana nchini Marekani. Desemba 1992, huko Billings, Montana, ndege ndogo ya Cessna Citation ilianguka ikitua nyuma ya Boeing 757, wakafa watu 8. Desemba 1993, huko Santa Ana, California, ndege ndogo ya Westwind ilianguka nyuma ya ndege ya aina hiyo hiyo, wakafa 5. Mara zote mbili marubani walikuwa wakijipimia nafasi kwa macho. Boeing 757 haikufikia uzito wa kundi la nzito, na mwaka 1994 mamlaka za nchi hiyo ziliongeza umbali wa kuifuata.

Angani juu nako hakuna kinga. Januari 2017, juu ya Bahari ya Uarabuni, ndege ndogo ya Challenger 604 iliyokuwa ikitoka Maldives kwenda Abu Dhabi ilipishana na Airbus A380 iliyokuwa futi 1,000 juu yake. Muda mfupi baadaye ilibingirika mara kadhaa na kuporomoka zaidi ya meta 2,600 kabla ya marubani kuidhibiti. Ilitua Muscat ikiwa imeharibika kiasi cha kutofaa kuruka tena.

Kwa Unguja, jambo la kuangaliwa zaidi ni upepo wenyewe. Njia ya ndege imelala kaskazini na kusini. Wakati wa kusi, ndege hutua zikitokea upande wa mjini. Wakati wa kaskazi, hutokea upande wa pili. Upepo ukiwa na nguvu, mizunguko hupeperushwa na kuvunjika mapema. Wakati wa tanga mbili, au alfajiri bahari ikiwa shwari, mizunguko hudumu kwa dakika kadhaa. Upepo hafifu wa ubavuni una hila zaidi, kwani huweza kuuzuia mzunguko mmoja usiondoke, ukabaki umesimama juu ya njia. Siku ambayo abiria huiona tulivu kuliko zote ndiyo inayomtaka rubani awe mwangalifu zaidi.

Kwa kuwa mizunguko hushuka, rubani wa ndege ndogo hubaki juu ya mkondo aliopita mkubwa wake, kisha hutua mbele ya pale magurudumu ya ndege hiyo yalipogusa. Njia ya Unguja ina urefu unaozidi meta 3,000, na Caravan hutosheka na chini ya theluthi yake. Ikiwa ndege kubwa imeruka badala ya kutua, hesabu hugeuka: hapo ndege ndogo hutua mapema, kabla ya pale mwenzake alipoinua pua. Asiporidhika na nafasi iliyopo, rubani humweleza mwongoza ndege kwamba hatatui, huongeza nguvu ya injini, na kurudi kuzunguka juu ya bahari.